Makuli Hawamo Kitabuni

Kwenye villa ninayofanya kazi za ndani Mirdif, huku ughaibuni, sir, bosi wangu Mwingereza, ana mfano wa manowari ya kubeba ndege, moja ya zile za mwanzo za Waingereza. Babu yake alizama na meli hiyo vitani ilipopigwa na Wajapani, na jina lake limo katika kitabu cha waliokufa nayo.

Babu yangu alikuwa kuli Kilindini. Alikuwa akiipakia mabomu manowari hiyohiyo (bibi alinitajia jina la meli), kamba ikakatika, kreti ikamuua. Afisa wa manowari alikuwa ameambiwa kamba imechakaa. Akasema pakieni tu. Huyo ndiye aliyemuua babu yangu, si Mjapani.

Juzi nilimwomba sir anitafutie jina la babu. Akapekua sana.

"Humu kuna mabaharia tu, dada."

"Basi liandike wewe, sir. Pale pembeni."

Akasema kitabu kitaharibika. Akakifunga.