Maji Yasiyotoa Povu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa nimeinamia karai nje ya nyumba tuliyopanga hapa Kitengela. Ndani ya karai alikuwa mtoto wangu wa kwanza, wa siku kumi na saba. Jua halijapanda sawasawa, na tayari nilikuwa namwogesha mara ya pili.

Vumbi ndilo lililonitia wazimu. Kwetu Kakamega, mama aliogesha watoto kwa maji ya chemchemi, na sabuni ikigusa maji hayo, povu linafura. Hapa tuliletewa maji ya kisima kwa mkokoteni wa punda, nayo yalikuwa na chumvi. Nilisugua sabuni, povu likakataa. Kwa akili yangu, pasipo povu hapana usafi. Basi nikaongeza sabuni, kisha nikatia dawa ya kuua viini, ile ya kudekia sakafu.

Ngozi ya mtoto ikaanza kukauka na kupasuka shingoni na kwapani. Nami nikadhani ni uchafu, nikazidi kusugua.

Jirani yangu alikuwa mama mzee wa Kimaasai aliyefuga mbuzi nyuma ya ploti. Sote tulimwita Koko, yaani nyanya. Nilimsalimu kila siku, lakini sikuwahi kumuuliza neno. Moyoni nilisema: mtu anayelala na harufu ya mbuzi atanifunza nini mimi kuhusu usafi? Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Kiburi changu hakikuwasikia.

Siku hiyo kilio cha mtoto kilimvuta hadi mlangoni.

"Wewe mama, huyu mtoto unamuosha ama unamfua?"

"Vumbi ni mingi, Koko."

"Mimi niko na hiyo vumbi miaka sabini. Imeniua?"

Akachovya kidole karaini, akakilamba, akatema. "Haya maji hata mbuzi yangu inafikiria kwanza. Na umeweka nini ndani?"

Nilipomwonyesha chupa utani ulimwisha. Aliinua kidevu cha mtoto taratibu. Mikunjo ya shingo ilikuwa myekundu, imechanika, inatoa majimaji, na mwili ulikuwa wa moto. "Funga mtoto. Twende kliniki sasa hivi."

Muuguzi alisema tumewahi. Vidonda vilikuwa vimeanza kuingia viini, na kwa mtoto mchanga hilo si jambo la kungoja kesho. Akatueleza kuwa maji yenye chumvi huiacha sabuni ikigandia ngozi, na kwamba ngozi ile ni nyembamba kuliko tunavyodhani.

Tulirudi na dawa. Koko hakunisimanga. Alinipa maji ya mvua aliyokuwa ameyaweka kwenye pipa lake, ya mwisho hadi mvua nyingine inyeshe, tukayachemsha na kuyapoza. Alinishika mkono, akanionyesha kukausha mikunjo kwa kubonyeza kitambaa bila kusugua. Baada ya wiki mbili shingo ilikuwa laini. Leo shingo hiyo inavaa tai kwenda kazini, na Koko tulimzika kule Bisil kwa watu wake. Sijui shukrani yangu niipeleke wapi, ndiyo maana nakuletea wewe unayeanza kulea.

Basi, mwanangu, usipime usafi kwa povu. Mtoto mchanga hahitaji kuogeshwa kutwa. Mara mbili tatu kwa wiki zatosha, siku nyingine umpanguse uso, shingo na makalio. Maji yawe safi na vuguvugu, uyapime kwa kiwiko. Sabuni kidogo isiyo na manukato, na dawa ya sakafu ibaki sakafuni. Ngozi ikibadilika rangi, ikitoa maji au ikipata joto, nenda kliniki kabla hujajaribu la kwako. Na ukiwa mbali na mama yako, mwite jirani kabla hajaitwa na kilio.

Mungu akujalie mikono myepesi, mtoto mwenye usingizi, na jirani asiyeogopa kukukemea.