Mwalimu wa Mwanangu Rumande

Miaka thelathini na saba nimesomesha Kurani chuoni hapa Kibokoni, na Alhamdulillahi wengi wamehitimu. Mwanangu mwenyewe ndiye aliyenikimbia. Kila nikimwita kusoma, alikuwa na shughuli zake Mbaraki, kule bandarini.

Mwaka jana alitiwa rumande kwa kesi ya mzigo uliopotea bandarini. Kesi ikawa yaahirishwa tu. Mwezi wa tano nilipomtembelea, alinisomea sura ndefu kwa moyo, nyuma ya waya, bila kukwama. Nikalia. Kisha nikasikia kwamba mivuto ile ya sauti si yangu.

"Umesomeshwa na nani?"

"Na mwalimu wa seli yetu, Baba. Yule mgeni."

Alikuwa kijana wa nchi jirani. Kifungo chake cha kuingia bila karatasi alishakimaliza, lakini watu wa uhamiaji hawakuwa na pahala pao pa kumweka, basi wakamwacha mle mle gerezani pamoja na mahabusu, angoje hati za kurudishwa kwao.

Askari wa lango alinicheka. "Maalim, umepokonywa mwanafunzi!"

Nilitabasamu. Husuda nimewaonya watu miaka yote. Kumbe nilikuwa siijui. Hata mkate wa sinia niliompelekea mwanangu, aliomba nusu apewe mwalimu wake.

Siku moja akaniambia, "Baba, uhamiaji wamekubali angojee nje, akipata mwenyeji wa kumdhamini. Mwandikie barua."

Niliandika siku ile ile. Msikitini wakanisifu kwa huruma yangu. Mungu ajua: nilitaka amtoke mwanangu.

Sasa yuko chumba changu cha uani. Ana adabu, hunitangulia kunitekea maji ya kutawadha. Jumatano iliyopita nilikwenda gerezani nikiwa na furaha, mwanangu ni wangu peke yangu.

"Mwalimu hajambo?" ndilo neno lake la kwanza.

"Hajambo."

"Muulize, pale katikati ya aya nivute au nisimame?"

"Niulize mimi, babako. Simama, pumua, kisha endelea."

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Sawa, Baba. Lakini muulize na yeye."

Niliporudi nilimkuta mgeni barazani, nikamuuliza. Akajibu vile vile nilivyojibu mimi, neno kwa neno. Jumatano nitampelekea mwanangu jibu hilo. Namwomba Mungu anipe moyo wa kusema limetoka kwa mwalimu wake.