Jibu Lililobaki Maabara

Kila waya uliokuwa katika ile kliniki ya Nateete, Mumbere aliuvuta kwa mikono yake. Alikuwa amekimbia vita Butembo, na hapa Kampala kazi ya mitandao ndiyo iliyofanya watu wamwite fundi, si mkimbizi. Nyaya zote za vyumbani alizileta kwenye swichi moja, kisanduku kilichokaa kabatini orofa ya juu. Kompyuta yoyote iliyotaka kuongea na nyingine ilipitia hapo. Alimwomba mkurugenzi iwekwe swichi ya pili, ya akiba.

"Tutaona baadaye," aliambiwa. Hakuomba tena.

Asubuhi moja mvua ilipenya paa ikaingia kabatini, swichi ikafa. Mumbere alipigiwa simu akiwa kazini Luzira, upande wa pili wa jiji. Alipofika, Nuriat, mama aliyejifungua alfajiri ile, alikuwa ameshakata roho kwa kuvuja damu. Kundi la damu yake lilikuwa limepimwa mapema ili aongezewe damu. Jibu lilibaki kwenye kompyuta ya maabara, na wauguzi wodini walikuwa wakilingojea kwenye skrini.

Baada ya mazishi, Rajab, mume wa marehemu, alimfuata Mumbere nyumbani.

"Sikuja kugombana, fundi. Nataka kuelewa tu."

Mumbere alichukua karatasi akachora. "Hii maabara, hii wodi. Ujumbe unapanda juu kwenye swichi, kisha unashuka huku. Swichi ikifa, kompyuta zote ni nzima, ila hakuna inayoisikia nyingine."

Rajab aliweka kidole kati ya maabara na wodi. "Vyumba hivi vinapakana?"

"Ukuta mmoja, mzee."

"Mlango hadi mlango?"

"Hatua kumi na mbili."

"Na hakuna aliyezitembea."

Mumbere alitaka kumtaja mkurugenzi, akaacha. "Mimi ndiye niliyewaambia waache kubeba karatasi," alisema. "Niliwaambia mtandao utawaletea kila kitu. Sikuwaambia wafanye nini ukinyamaza."

Rajab aliikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa kanzu, akaondoka bila kuaga.

Wiki hiyohiyo kliniki ilifunga swichi mbili, kwa mkono wa fundi mwingine. Mumbere sasa anabeba magunia ya mkaa sokoni. Simu za kazi bado zinaingia. Mkewe, Exaucée, ndiye anayezipokea, akimtazama mumewe aliyeketi palepale, na kusema fundi amehama.