Mama Amekataa Maharagi

Mume wangu alipoamua kumpa binti yetu jina la mama yake mzazi, nilipiga vigelegele kama wengine. Jina zuri, tena heshima. Hakuna aliyenionya kwamba kuanzia siku ile nitakuwa na mama wakwe wawili ndani ya nyumba moja, mmoja meno ya mbele yameshamtoka na mwingine yake ndiyo kwanza yanaota.

Hapa Kisangani, anayebeba jina lako ni ndoyi wako, na ndoyi si mchezo. Mume wangu, fundi umeme mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, humwita mtoto wa miaka miwili "Mama". Hamgombezi. Nani anagombeza mama yake? Mtoto akikojoa kitandani, "Mama amechoka." Akitupa sahani, "Mama amekataa." Na mama mkwe wangu wa kweli, aliyetoka Isangi kuja kutibiwa macho akasahau kurudi, anacheka mpaka anajishika kiuno: "Ndoyi yangu huyu! Tuko sawasawa!"

Sawasawa kweli. Mama mkwe alikuwa anakula chai ya sukari nyingi na mkate, asubuhi, mchana na jioni. Siku akijisikia vizuri, samaki wa mto, tena kichwa tu. Maharagi, ambayo mimi mtu wa Bukavu nimelelewa nayo, aliyaita chakula cha watoto wa bweni. Uji ulikuwa chakula cha wagonjwa. Sombe yangu, eti, ilikuwa na majani mengi. Sombe, ambayo ni majani ya muhogo matupu! Sijui alitaka iwe na nini. Alisukuma sahani kwa mgongo wa mkono, akageuza uso, akasema kwa Kilingala chao: "Nalingi te." Sitaki. Na mtoto, ambaye hata kuomba maji alikuwa hajajua, neno hilo alilitamka bila kosa, pamoja na mkono wake, pamoja na uso wake pembeni.

Tulicheka, hadi siku ya kilo, siku ya kupima watoto. Nesi alimfunga mtoto wetu ule utepe wa rangi wa kupima utapiamlo kwenye mkono, akatazama, akautazama tena. Njano.

"Mama, hii njano haina muchezo," akaniambia. "Ikiingia kwa nyekundu, tunamulaza. Mutoto anakulaka nini?"

Nikasema chai na mkate. Akanitazama kama niliyesema nampa mchanga.

"Mukate inajaza tumbo tu! Umupe maharagi, sombe na mafuta ya ngazi, karanga, ndakala ya kusaga, yai kama iko."

Yote hayo niliyajua, hata hayo mafuta ya ngazi, yaani mawese. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, somo la vyakula nalifundisha kila mwaka, na picha ya yai naichora ubaoni mwenyewe. Nilirudi nyumbani. Chumba kile cha kulazwa nimewahi kukipita, na watoto niliowaona mle walikuwa hawalii. Hawakuwa na nguvu ya kulia. Niliogopa sana.

Bon, vita vikaanza. Nilisaga ndakala, wale samaki wadogo wakavu, mpaka wakawa vumbi, nikawaficha kwenye uji. Mtoto akalamba, akanikazia macho, akatema. Nikaficha karanga kwenye chai. Chai nzima ikamwagwa chini. Nikamwambia kijiko ni ndege inatua Bangboka. Ndege ikazunguka, ikazunguka, uwanja ukafungwa, ikarudi na mzigo wake. Jirani akachungulia kutoa hekima: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nikamjibu huyu anajilea mwenyewe, mimi ni mpishi wake tu.

Na kila nilipogeuza mgongo nilisikia kijiko kinakoroga sukari barazani. Mkate unalowekwa, midomo miwili inafunguka. Nimwambie mama mkwe aache? Nani, mimi? Bokilo, yaani mkwe, hanyooshewi kidole. Nikamtuma mume wangu. Akaenda, akakaa naye sana, akarudi na kikombe cha chai.

Basi mchana mmoja nilikuwa nimeponda maharagi yakawa laini kabisa, na mafuta mekundu juu. Mtoto akayatema yote kwenye kikwembe changu cha Jumapili. Damu ikanipanda. Nikamwita kwa jina lake, kwa sauti ile ya darasani:

"Sikia wewe! Nimechoka na wewe! Utakufa na hiyo mukate yako! Kama hautaki chakula yangu, rudia kwenu!"

Maneno yalipokwisha kutoka ndipo nilipokumbuka kwamba jina lile lina watu wawili, na mmoja yuko barazani. Nilikaa jikoni nikijipa moyo kwamba hakusikia. Nilipotoka kumpelekea chai, kiti kilikuwa kitupu, na begi lake halikuwepo chini ya kitanda.

Mume wangu akaingia kutoka kazini, habari ameshaipata kwa jirani. "Umemufukuza mama?"

"Nilikuwa nagombeza mama!"

"Mama gani?"

"Ule mudogo!"

"Mama mudogo? Na yeye alikuya lini?"

Yesu wangu! Mume wangu alimfuata mama yake, akamkuta kwenye bandari, amekalia begi lake, anangoja boti ya Isangi ijae. Akarudi naye. Kaka mkubwa wa mume wangu akaitwa, akatoa hukumu: mkono mtupu haulambwi, donc, basi, nitapika kwa mikono yangu chakula cha kuomba msamaha, na mama atakula, kwa sababu anayekataa sahani hiyo amekataa amani.

Sahani isiyokataliwa! Nilijifanya kulia ili wasione ninavyocheka. Wote walitegemea kuku. Kuku nikamwacha atembee. Nikapika maharagi, nikapika sombe yenye karanga na ndakala, nikaweka yai juu, nikapiga magoti na kumwekea mbele. Mtoto akapanda mapajani pake kama kawaida.

Mama mkwe akaitazama ile sahani. Mkono wake ukainuka. Wa mtoto nao ukainuka. Akauona, akaushusha wake taratibu.

"Unawaza sikusikia muzuri?" akaniambia chinichini. "Nilisikia muzuri. Nilijua unagombeza mutoto."

"Sasa Mama, juu ya nini ulitoka?"

"Juu niliona mukono yake, iko kama kijiti. Nikasema, nikibakia hapa, atakula kama miye. Nikienda, atakula kama weye."

Ile hila yangu ya jikoni nikaionea aibu. Yeye akachota maharagi kwa vidole, akafumba macho, akameza kama anayemeza kidonge cha kinini. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi. Akachota tena, akapeleka mdomoni kwa mtoto.

"Mama," akamwambia, "tukule. Kama ni kufa, tukufe wote mbili."

Mtoto akafungua mdomo.