Mchoro Nilioubandika Kifuani

Nilipopangiwa kufundisha Mpanda, miaka ya tisini, nilikuwa na shahada mpya, suruali mbili, na imani kwamba baiolojia ya kidato cha nne haina tena kitu cha kunishangaza. Mbali na vipindi vya darasani nilipewa kazi ya kuandaa masomo kwa njia ya posta, kwa watu wazima waliotaka kurudia mtihani wa taifa bila kurudi shuleni. Nilichora na kuandika kwenye stensili, tukaizungusha kwenye mashine iliyotuachia wino mpaka viwikoni, na bahasha zikaondoka na malori yaliyokuwa yakifuata mpunga huko Mpimbwe.

Somo la mzunguko wa damu nililipenda kuliko yote. Moyo niliuchora mwenyewe: vyumba vinne, kimoja kikiwa na ukuta mnene kupita vingine, nikakipa herufi D. Nikaongeza zoezi: hesabu mapigo ya mshipa wa mkono ukiwa umekaa, kisha baada ya kutwanga. Tumia saa yenye mshale wa sekunde, niliagiza, kana kwamba kila nyumba ya bonde lile ina saa hiyo ukutani.

Mwanamke mmoja wa karibu na Kibaoni alijibu kwamba saa hana. Kwa hiyo alitwanga, kisha akakaa mbele ya mumewe aliyekuwa amepumzika, kila mmoja akahesabu mapigo yake kimya kimya. Mume alipofika hamsini alisema "basi". Wakati huo yeye alikuwa amefika themanini na tatu. "Sijui ni dakika ngapi," aliandika, "ila najua wangu ulikuwa na haraka zaidi." Nilimpa alama zote, nikajipongeza kwa kufundisha vizuri.

Nilimfahamu kwa barua tu. Alikuwa mke katika familia ya Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao. Chuo cha uuguzi kilitaka ufaulu wa baiolojia, naye mara ya kwanza alikuwa ameanguka somo hilo. Baba mkwe wake alikubali ajaribu tena, lakini kwa mtihani wa Novemba ile tu. Akishindwa, asizungumzie tena habari za chuo.

Katika jaribio lililofuata niliuliza jina la chumba D. Aliandika: chumba cha chini cha kushoto. Mwongozo wangu wa kusahihishia, nilioutengeneza kutoka kwenye mchoro wangu, ulisema kulia. Nikaweka alama nyekundu ya kosa.

Barua yake ilikuja baada ya wiki mbili. Kwao walikuwa wamechinja ng'ombe, na moyo, kwa desturi ya nyumba yao, ni wa baba mkwe. Aliomba aushike kabla haujaingia chunguni. Hata kabla haujatolewa kifuani alikuwa ameufunga uzi upande wa mguu wa kushoto wa mnyama, ili usimchanganye ukishakuwa mkononi. Kisha akaupasua. Ukuta mnene ulikuwa upande wenye uzi. Baba mkwe, aliongeza, alisubiri chakula chake bila kugomba.

Mtu mwenye akili angefungua kitabu. Mimi nilijibu kwa mistari miwili: "Moyo wa ng'ombe si wa binadamu. Fuata mchoro."

Wiki tatu kabla ya mtihani nilisafiri juu ya lori kwenda Kibaoni kukutana na wanafunzi wa upande ule. Walikuwa saba kwenye darasa la shule ya msingi, wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mmoja alisimama kabla sijamaliza salamu. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi.

"Mwalimu, mimi ndiye wa uzi."

"Ahaa. Karibu, mama."

"Nimeshafika. Naomba ushike mchoro wako, uubandike kifuani. Picha ituangalie sisi."

Nilidhani ananiheshimu. Nikaubandika.

"Haya. Bila kuusogeza, weka kidole kwenye D."

Nikaweka.

"Hicho kidole kiko upande gani wa mwili wako?"

Nilitazama chini. Kilikuwa kushoto. Chini yake maandishi yangu mwenyewe, kwa herufi kubwa za kujiamini, yalisema KULIA. Nilikuwa nimechora moyo wa mtu anayenitazama, kisha nikaandika pande kwa kufuata mikono yangu mimi.

"Mwalimu," mzee mmoja wa nyuma, mkulima wa mpunga, aliuliza kwa upole, "chuo kikuu mlisoma miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Na nyie wote mlikuwa mnaangalia ubao, hakuna aliyegeuka?"

Darasa lilicheka mpaka mtu akapiga dawati. Mama wa uzi hakucheka. "Mnacheka, na nyie mmeshakariri kulia," aliwaambia. "Mtihani unakuja na picha kama hii. Simameni."

Nikakaa. Sijui nani aliniambia nikae. Mmoja baada ya mwingine walibandika mchoro kifuani, wakataja vyumba na njia ya damu kutoka mapafuni hadi mwilini, na aliyekosea alirudia. Mkulima wa mpunga alirudia mara nne. Ambao hawakufika, alisema, atawafuata kwa baiskeli ya mumewe, na aliwafuata. Mimi nilirudi Mpanda kuandika masahihisho, ambayo yaliwafikia baada yake.

Matokeo yalipotoka nilitafuta namba yake kabla ya nyingine yoyote, kana kwamba ni mimi niliyefanya mtihani. Baiolojia: C. Ilitosha.

Alipita Mpanda kupanda treni ya kwenda chuoni, akiwa na sanduku la bati na baba mkwe wake. Mzee alinisalimia kwa mikono miwili, akanitazama kuanzia viatuni kwenda juu, na kuniuliza kama ni mimi wa moyo. Nikakiri.

Yeye aliomba stensili zangu za masomo yaliyobaki.

"Kuna figo," nilisema, "na jicho."

"Nipe zote. Treni haijafika bado."

Nikazifuata, nikamletea. Alikaa kwenye benchi la stesheni, akaomba na kalamu. Nilimpa ile nyekundu.