Mkono wa Marehemu

Karani wa kambi yetu ya wachuma chai hakubali kusoma wosia kabla ya kuona mwandiko mwingine wa marehemu. "Leteni kitabu chake cha nyimbo," husema, kisha hulitazama jina lililoandikwa ndani ya jalada mpaka auzoee mkono ule. Halafu huuinua wosia dirishani, karatasi iliyogeuka rangi kwa moshi wa darini, na kidole chake chenye wino hutembea chini ya mstari bila kuugusa. Huku anaimba puani. Akinyamaza, ujue amelipata neno.

Mwaka wa nzige alikuja Kebaso na mama yake, Nyambeki, na wosia wa baba. Jina la kwanza kati ya watoto lilikuwa limefutwa na mvua. "Andika mimi," Kebaso akasema. "Mtoto wa kwanza ni mimi." Karani alimgeukia mjane. "Mama, watoto wakishalala, mzee alipokuwa akisali alianza kumtaja nani?" Nyambeki aliikunja leso yake, akaikunja tena. "Onyancha," akasema. "Wa yule mke wa kwanza. Alibaki Kisii na mama yake." Karani akarudi dirishani, akaanza kuimba, akanyamaza. Kisha akasoma upya kutoka juu, akalitaja jina la Onyancha kwa sauti ileile aliyotajia majina ya wengine. Kebaso alisogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.