Mambo ya Ajabu ya Kolorado kwa Watoto wa Khamis

Kabla sijaondoka Tabora, hali nyumbani kwetu Chemchem ilikuwa hivi. Mdogo wangu Khamis alikuwa amepelekwa Amerika na serikali kusomea ujenzi wa mabwawa, akamwacha mkewe Zuhura na watoto wawili, Rehema na Idi. Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kutangazwa. Vijiji vya Ujamaa vilichimba malambo kwa majembe, na mtaalamu wa maji alingojwa kama mvua. Masomo ya Khamis yalikwisha. Hakurudi, wala hakuleta talaka. Zuhura hakuwa mjane, hakuwa mtalikiwa, na mume hakuwa naye. Mfanyabiashara mmoja wa Nzega, mtu wa heshima, alikuwa radhi kumposa siku atakayokuwa huru, lakini hakuahidi kungoja milele.

Ndipo nilipopata nafasi ya mafunzo mafupi ya walimu wa jiografia katika mji wa Denva, jimbo la Kolorado, huko huko alikoishi Khamis.

“Shemeji,” Zuhura aliniambia, “mwambie arudi. Akishindwa kurudi, aniache. Niletee moja tu kati ya hayo mawili.”

Watoto walitaka jingine. “Baba mkubwa, utuletee mambo ya ajabu ya milima!”

Asubuhi ya safari nilipanda garimoshi la kwenda Dar es Salaam. Kwa sehemu kubwa reli hiyo huifuata njia ya misafara ya kale. Babu yetu alikuwa mpagazi: wakati wa kiangazi alibeba pembe mabegani hadi pwani, na mvua za kwanza zilimkuta amekwisha kurudi shambani. Kutoka Dar es Salaam nilikwenda kwa ndege.

Denva ni mji uliojengwa kwenye tambarare, milima ikiusimamia upande wa magharibi kama ukuta. Khamis alinipokea kwa furaha ya kweli.

“Shikamoo, Kaka.”

“Marahaba. Zuhura anauliza unarudi lini.”

“Kwanza itazame milima ile! Vilele zaidi ya hamsini vinapita futi elfu kumi na nne. Waambie watoto kwamba hata hivyo hakuna kimoja kinachoifikia Kilimanjaro. Idi atafurahi.”

Siku ya pili alinipandisha mlimani kwa gari lake. Ulikuwa mwezi wa Juni, na theluji ingali imelala mabondeni. Juu ya jabali alisimama mnyama mnene, mfano wa pimbi wetu wa mawe ya Unyamwezi, akitupigia mbinja.

“Huyu,” Khamis alisema, “baridi ikianza huingia shimoni akalala, asile wala asinywe, hadi theluji iyeyuke. Mwambie Rehema.”

“Rehema ataniuliza habari zako, si za pimbi.”

“Basi mwambie na habari za ile miti yenye gome jeupe. Unaiona kama msitu, kumbe shina moja na jingine hushiriki mzizi mmoja.”

Juu kabisa tulifika kwenye mgongo wa milima unaogawanya maji. Tone likianguka upande wa magharibi huelekea Pasifiki. Likianguka mashariki, huelekea Atlantiki. Nilimwambia Khamis kwamba kwetu nako maji hugawanyika: mvua ya Tabora huteremka hadi Ziwa Tanganyika, ikapita Kongo mpaka baharini, lakini ya Ziba, upande wa Nzega, huishia mbuga ya Wembere na ziwa la chumvi lililo mbele yake, isifike bahari yoyote.

“Zuhura naye ni maji ya Wembere, Khamis.”

Alicheka kidogo. “Wewe na jiografia yako, Kaka!”

Jioni tulifika kwake. Mlangoni palikuwa na viatu vya theluji vya mtoto mdogo, vimepangwa karibu na vya mwanamke. Nilivitazama, naye akaniona ninavyovitazama.

“Basi mwache Zuhura,” nilisema. “Ni neno moja tu.”

“Talaka ni neno zito, Kaka. Tusiharakishe.” Akaniwekea mkononi jiwe jekundu. “Kolorado ni Kihispania, maana yake ‘yenye wekundu’. Wapelekee watoto.”

Siku ya kuagana nilimuuliza tena. Alinieleza habari za mahali ambapo mtu hukanyaga majimbo manne kwa mpigo.

Njiani kurudi, garimoshi lilipofika Saranda, aliingia Mgogo mmoja, mtani wetu Wanyamwezi, aliyenitambua kwa lafudhi.

“Mnyamwezi! Unapita Ugogo bila kulipa hongo, ule ushuru wa misafara? Umebeba nini?”

Nilimwonyesha jiwe.

“Lo! Babu zako walipita hapa na pembe, wewe umevuka bahari ukarudi na kokoto! Pita bure, masikini. Hongo nitakulipa mimi.”

Behewa zima lilicheka. Nami nilicheka.

Tabora, Zuhura alinipokea mlangoni. Alinitazama usoni, kisha akageuka, akaingia jikoni. Watoto nikawakalisha, nikawasimulia vilele, miti, maji na pimbi. Rehema alilishika jiwe kwa mikono miwili.

“Kwa hiyo Baba naye amelala? Theluji ikiyeyuka ataamka?”

Sikumwambia kwamba pimbi niliyemwona alikuwa macho.

Khamis hakurudi. Mahakama ilikuja kuivunja ndoa baadaye. Mtu wa Nzega alikuwa amekwisha kuoa.